Maji Yote Haya Yanatoka Wapi? Majibu kwa wasomaji kuhusu tezi za utumbo mwembamba

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu utumbo mwembamba, na karibu zote zinauchukulia kuwa ni mahali pa kufyonzea chakula tu. Kufyonza ni nusu ya kazi yake. Kabla haujapokea chochote, utumbo huu hutoa maji, chumvi, ute, vimeng'enya, homoni, hata sumu za kuulia bakteria. Tumeanza na swali lisiloweza kusubiri.

Mwanangu wa mwaka mmoja na nusu alikataa kula kutwa nzima, lakini aliharisha maji matupu zaidi ya mara kumi. Kama hakula, maji yote hayo yalitoka wapi? Na kwa nini naambiwa niendelee kumnywesha wakati kila ninachompa kinatoka? (Mama wa Temeke)

Pole sana, mama. Maji hayo yalitoka kwenye damu yake, yakapita katika seli za utumbo wenyewe. Ndiyo maana mtoto asiyetia kitu mdomoni anaweza kuharisha mpaka macho yakaingia ndani.

Kwa mtu mzima mwenye afya, utumbo mwembamba hupitisha takriban lita 8 hadi 9 za majimaji kwa siku. Tunachokunywa na maji yaliyomo kwenye chakula ni kama lita 2 tu. Yanayobaki yote ni ya mwili: mate kiasi cha lita 1, maji ya tumbo lita 1 na nusu, ya kongosho lita 1, nyongo karibu lita 1, na yanayotolewa na utumbo mwembamba wenyewe yanakaribia lita 2. Karibu yote hurudishwa kwenye damu. Lita 1 hadi 1 na nusu huvuka kwenda utumbo mpana, na kwenye choo hubaki mililita 100 hadi 200. Kwa hiyo hata siku ambayo mtu hajala, mto huo wa ndani haukauki.

Mahali panapotoa na panapofyonza ni tofauti. Ukuta wa ndani wa utumbo umejaa vijidole vyenye urefu wa nusu milimita hadi milimita 1, na kati ya vijidole kuna vishimo vilivyopewa jina la Lieberkühn, daktari wa Kijerumani aliyevieleza mwaka 1745. Seli za vijidole hufyonza, seli za vishimo hutoa. Seli ya kishimo huvuta kloridi kutoka upande wa damu, kisha huifungulia mlango upande wa ndani ya utumbo. Kloridi ikitoka, sodiamu huifuata, na penye chumvi maji nayo hufuata. Mlango huo wa kloridi wataalamu huuita CFTR. Siku za kawaida hufunguka kwa kiasi cha kulowesha chakula ili vimeng'enya vikifikie.

Bakteria wa kipindupindu huuharibu utaratibu huo bila kuukwangua ukuta wala kumwaga damu. Sumu yake huingia ndani ya seli na kukwamisha swichi inayoamuru mlango wa kloridi ufunguke, nao ukabaki wazi. Shambhu Nath De wa Kolkata, India, alilionyesha jambo hili mwaka 1959: alifunga vipande vya utumbo wa sungura, akaingiza humo majimaji yaliyochujwa kutoka kwa bakteria hao bila bakteria wenyewe, na vipande vikajaa maji. Mtu mzima mwenye kipindupindu kikali anaweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa. Baadhi ya aina za bakteria wa E. koli huleta sumu inayofanya kazi kwa njia hiyohiyo, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi. Virusi vya rota, vinavyoshika sana watoto wa umri wa mwanao, huongeza na jambo jingine: huua seli za kwenye ncha za vijidole, hivyo kufyonza nako kukapungua.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo linalookoa maisha. Kwenye seli za vijidole kuna mlango mwingine unaoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja. Kimoja hakiingii bila mwenzake. Robert Crane aliueleza mwaka 1960 mjini Prague. Sumu ya kipindupindu haiugusi mlango huu. Ukimpa mtoto chumvi peke yake, haiingii ya kutosha. Ukimpa sukari nyingi peke yake, huvuta maji kutoka kwenye damu na kuzidisha kuharisha. Ukimpa vyote viwili kwa kipimo sahihi, huingia pamoja na maji yao, hata wakati vishimo vinaendelea kumwaga. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alitumia mchanganyiko wa namna hiyo katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, dripu zilipokwisha. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4.

Ndiyo maana tunasisitiza kwamba ORS, yaani mchanganyiko huo wa chumvi na sukari unaokuja kwa pakiti, haikutengenezwa kuzuia choo. Choo kinaweza kuendelea siku mbili tatu huku mtoto akipona. Usipime kwa idadi ya nepi zilizochafuka. Pima kwa mkojo, machozi, uchangamfu na ulimi ulio na mate. Wazazi wengi huacha ORS siku ya kwanza kwa kuona "haifanyi kazi", kumbe ilikuwa inafanya.

Pakiti ya ORS ya kipimo cha sasa cha Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kilichotangazwa mwaka 2002, inapochanganywa na lita 1 ya maji ina gramu 13.5 za glukosi, 2.6 za chumvi ya kawaida, 1.5 za kloridi ya potasiamu na 2.9 za sitreti ya sodiamu. Soma pakiti kabla ya kuchanganya, maana ziko za lita 1, za nusu lita na za mililita 200. Kosa tunalolisikia mara kwa mara ni pakiti ya lita 1 kumiminwa kwenye kikombe kimoja. Hapo chumvi huzidi, na chumvi ikizidi kwenye damu ya mtoto huleta degedege. Kosa la upande wa pili ni kuigawa pakiti kidogokidogo kwa macho. Changanya yote kwa mara moja. Chupa mbili za maji za nusu lita ni kipimo kizuri cha lita 1. Tumia maji safi yaliyochemshwa yakapoa, funika, na kitakachobaki baada ya saa 24 kimwage.

Kama pakiti haipatikani, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi vitakusogeza mpaka ufike zahanati. Vijiko viwe vya usawa, pitisha mgongo wa kisu juu yake. Onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mchanganyiko huu hauna potasiamu, kwa hiyo ndizi mbivu au madafu kando yake yanasaidia. Madafu peke yake hayatoshi, kwa kuwa yana potasiamu nyingi lakini sodiamu yake ni ndogo. Soda na juisi za pakiti usimpe kabisa. Soda ina takriban gramu 100 za sukari kwa lita na karibu haina sodiamu.

Kiasi: mtoto wa chini ya miaka 2 ambaye bado hajaishiwa maji apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji. Wa miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Aliyeanza kuishiwa maji, yaani mwenye kiu kali, macho yaliyoingia na ngozi ya tumbo inayorudi polepole ukiifinya, anahitaji mililita 75 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa 4, akiwa chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya. Mtoto wa kilo 10 hapo anahitaji mililita 750. Mpe kwa kijiko, si kwa chupa ya chuchu. Akitapika, subiri dakika 10 kisha anza tena taratibu, kijiko kimoja kila dakika 2 au 3. Ziwa la mama lisikatishwe. Vidonge vya zinki vitolewe siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6, na usiviache kwa sababu kuharisha kumekoma.

Mtoto aliyelegea, asiyeweza kunywa, mwenye damu kwenye choo, asiyepata mkojo kwa saa 6, au ambaye ngozi yake ikifinywa inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, apelekwe hospitali sasa hivi, huku akinyweshwa njiani kama ana fahamu za kumeza. Dawa za kufunga tumbo za watu wazima hazimfai mtoto. Hupunguza mwendo wa utumbo na kuuacha umiminaji palepale, maji yakajaa ndani usiyaone.

Shikamoo. Nasoma maabara ya tiba. Kila nikiwekewa slaidi ya utumbo mwembamba nachanganya seli za kutoa ute, za Paneth na za homoni, na tezi za Brunner nazitafuta kila mahali sizioni. Kuna njia ya uhakika? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba. Ipo, na huanzia kwenye kujua uko wapi kabla ya kuuliza unaona nini.

Tezi za Brunner, alizozieleza Johann Conrad Brunner wa Uswisi mwaka 1687, ziko kwenye duodenamu tu, yaani sentimita 25 za mwanzo za utumbo mwembamba. Zimesongamana karibu na mlango wa kutokea tumboni na hupungua kadiri unavyoshuka. Slaidi yako ikiwa ya jejunamu au ileamu, yaani sehemu ya kati na ya mwisho, utazitafuta mpaka macho yaume. Tena zinakaa chini ya ule mstari mwembamba wa misuli unaotenganisha utando wa ndani na tabaka linalofuata. Anza na lenzi ndogo, ufuate mstari huo. Vishimo vya Lieberkühn vinaishia juu yake. Ukiona mafungu ya tezi za rangi hafifu chini yake, hizo ni za Brunner, na uko duodenamu bila shaka. Ukiona badala yake marundo makubwa ya limfu yenye viini vya bluu vilivyobanana, yaani mabaka ya Peyer, kuna uwezekano mkubwa uko ileamu.

Seli za ute ni rahisi kuliko zote. Kwa rangi ya hematoksilini na eosini huonekana kama nafasi nyeupe au ya kijivu iliyofura juu, kiini kikiwa kimebanwa chini. Ute haukushika rangi, ndiyo maana zinaonekana tupu. Ukitaka kuwa na uhakika, omba rangi ya PAS, nazo zitawaka zambarau-nyekundu. Hesabu yake huongezeka kadiri unavyotoka duodenamu kwenda ileamu, na huzidi tena kwenye utumbo mpana.

Wanafunzi wengi hukwama kwenye seli za Paneth na za homoni, kwa sababu zote zina chembechembe na zote hupatikana vishimoni. Tazama chembechembe zimekaa upande gani wa kiini. Seli ya Paneth humwaga vitu vyake ndani ya kishimo, kwa hiyo chembechembe zake kubwa, za waridi iliyokoza, ziko juu ya kiini, upande wa uwazi. Seli ya homoni humwaga kwenye damu, kwa hiyo chembechembe zake ndogo ziko chini ya kiini, upande wa mishipa. Shika hilo moja na hutazichanganya tena. Paneth, pia, hukaa katika kitako cha kishimo kwa makundi, ilhali za homoni hutawanyika moja moja, na kwa rangi za kawaida mara nyingi hazionekani vizuri. Maabara hutumia kingamwili maalumu kuzifichua.

Inafaa ujue kwa nini Paneth wako kitakoni. Joseph Paneth wa Vienna, aliyezieleza mwaka 1888, hakuwa na njia ya kujua kazi yake. Leo tunajua chembechembe zile zimebeba laisozimu na difensini, silaha za kutoboa kuta za bakteria. Ubavuni mwake kuna seli shina, ambazo hugawanyika na kuujaza upya utando wote wa utumbo kila siku 3 hadi 5. Seli nyingi hupanda juu kuelekea ncha ya kijidole, zikafia huko na kudondoka. Paneth peke yake hushuka na kubaki, zikadumu wiki kadhaa, zikiilinda mbegu. Utambulisho wa seli shina hizo kwa alama ya Lgr5 ulitoka katika maabara ya Hans Clevers, Uholanzi, mwaka 2007.

Slaidi ikiwa mbaya, tatizo huwa limeanza kabla ya kukata. Utumbo hujimeng'enya wenyewe upesi kuliko viungo vingi, kwa sababu vimeng'enya vimo humohumo. Ukichelewa, ncha za vijidole hukatika na utadhani ni ugonjwa. Tia kipande kwenye fomalini ya asilimia 10 yenye bafa mara tu kinapotoka, fomalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa kipande, na kipande kiwe kimetandazwa, kisijikunje. Viowevu vya kuhifadhia vyenye asidi ya asetiki, kama cha Bouin, huharibu chembechembe za Paneth. Ukipokea slaidi ya namna hiyo ukaona kitako cha kishimo ni tupu, uliza kwanza kilihifadhiwa kwa nini. Ukiwa na slaidi ya mbwa au paka usizitafute Paneth kabisa, wanyama hao hawanazo kama zetu. Na ukiona duara badala ya vishimo virefu na visiwa badala ya vijidole, seli hazina kosa. Kipande kilipandikwa upande kwenye nta.

Nimepimwa kwa kamera nikaambiwa kidonda changu hakipo tumboni hasa bali kwenye duodenamu. Maumivu huniamsha usiku, nikila kidogo hutulia. Nimekuwa nikinywa maziwa, na kwa ajili ya goti nachomwa sindano ya diklofenaki, maana nimesikia vidonge ndivyo vinavyochoma. Nakosea wapi? (Msomaji wa miaka 52, Mombasa)

Kwenye sindano, mzee wetu, na kwenye maziwa pia.

Uji unaotoka tumboni una asidi kali, na duodenamu haina utando mnene kama wa tumbo. Kinga yake ni kutoa besi upesi. Tezi za Brunner hutoa ute wenye bikaboneti, takriban mililita 200 kwa siku, wenye pH kati ya 8 na 9. Utando wenyewe huongeza yake. Kongosho na njia za nyongo humalizia kazi kwa wingi zaidi, zikiamshwa na homoni ya sekritini ambayo seli za duodenamu huachia pH ikishuka chini ya 4.5. Kidonda hutokea pale asidi inapozidi au kinga hii inapodhoofika, na mara nyingi hukaa sehemu ya mwanzo kabisa, ambako uji haujakutana na maji ya kongosho.

Bakteria Helikobakta pailori hufanya yote mawili: huongeza asidi kwa watu wenye kidonda cha aina yako, na hupunguza bikaboneti ya duodenamu. Bakteria huyo akiondolewa, utoaji huo hurudi. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumhusisha na vidonda. Kama hujapimwa, omba kipimo cha choo au cha pumzi. Vidonge vya kupunguza asidi kama omeprazoli visimamishwe wiki 2 kabla na antibiotiki wiki 4 kabla, la sivyo kipimo kinaweza kusema huna wakati unao. Tiba ni mchanganyiko wa dawa, kwa kawaida siku 14. Watu wengi huacha siku ya tano maumivu yanapotulia, na bakteria anayebaki ndiye anayezoea dawa. Rudia kipimo wiki 4 au zaidi baada ya kumaliza.

Diklofenaki haiharibu kwa kugusa tu. Inapofika kwenye damu, kwa kidonge au kwa sindano, huzuia prostaglandini, kemikali ambazo ndizo zinazoziamuru tezi kutoa ute na bikaboneti. Sindano imekwepa koo, haijakwepa kidonda. Aibuprofeni na aspirini ni ukoo huohuo. Kwa goti, muulize daktari kuhusu parasetamoli na mazoezi ya misuli ya paja. Kama unameza aspirini kwa ajili ya moyo, usiiache kabla ya kuongea naye.

Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha protini na kalisi yake huliamsha tumbo litoe asidi zaidi. Choo cheusi kinachonata kama lami, kutapika damu au kitu kama masimbi ya kahawa, au maumivu ya ghafla yanayokaza tumbo likawa gumu kama ubao: hospitali, saa ileile.

Kila mtu mjini anazungumzia sindano za kupunguza unene. Nimesikia eti ni homoni ya utumbo. Kweli? Na kama utumbo wangu unaitengeneza, kwa nini nichomwe? (Msomaji, Nairobi)

Ni kweli. Seli za homoni ni chache, kiasi cha asilimia 1 ya seli za utando, lakini kwa kuwa utumbo ni mrefu, jumla yake ni kubwa. Hata neno homoni lina asili yake hapa. Tarehe 16 Januari 1902, William Bayliss na Ernest Starling wa London walikata mishipa yote ya fahamu ya kipande cha utumbo wa mbwa aliyelazwa kwa dawa, wakatia asidi, na kongosho likatoa maji yake vilevile. Wakakwangua utando, wakausaga kwa mchanga na asidi, wakauchuja na kuingiza kwenye mshipa wa damu. Kongosho likajibu tena. Ujumbe ulikuwa umesafiri kwa damu. Walikiita kitu hicho sekritini, na mwaka 1905 Starling akaanza kutumia neno homoni.

Homoni unayoisikia ni GLP-1, itolewayo na seli za L, nyingi zikiwa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kwenye utumbo mpana. Chakula kikifika, huliambia kongosho liongeze insulini kama sukari iko juu, hupunguza mwendo wa tumbo, na hupeleka shibe kwenye ubongo. Ya kwako huvunjwa na kimeng'enya cha mwili ndani ya kama dakika 2. Dawa ni nakala iliyorekebishwa isivunjike upesi. Ya kwanza, eksenatidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005, ilitokana na kitu kilichopatikana kwenye mate yenye sumu ya mjusi wa jangwani aitwaye Gila. Semaglutidi, dawa nyingine ya ukoo huo, hukaa hadi nusu yake kupungua kwa takriban wiki moja, ndiyo maana huchomwa mara moja kwa wiki.

Kwa sababu tumbo linapunguzwa mwendo, kichefuchefu, kutapika na kufunga choo ni athari za kutegemewa. Ndiyo sababu semaglutidi ya sindano huanzia miligramu 0.25 kwa wiki kwa wiki 4 kabla ya kupandishwa. Wanaoanzia dozi kubwa ili wapungue haraka ndio wanaoishia kwenye dripu. Isitumiwe na mjamzito, na anayepanga mimba aiache miezi 2 kabla. Mwenye historia ya kongosho kuvimba (pankreatitisi), au saratani ya tezi ya shingo ya aina ya medulari katika familia, amweleze daktari kwanza. Ukienda kufanyiwa upasuaji, mwambie mtu wa usingizi, kwa kuwa tumbo linaweza kuwa na chakula hata kama hukula tangu jana. Na sindano ya mtandaoni isiyo na lebo, usiitie mwilini.

Mume wangu ni Mmasai, hunywa maziwa lita nzima akaenda zake. Mimi nusu glasi tu tumbo linanguruma na kuharisha. Nina ugonjwa? (Dada wa Arusha)

Huna, dada. Sukari ya maziwa huvunjwa na kimeng'enya cha laktasi kinachokaa juu ya seli za vijidole. Kwa binadamu wengi duniani hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Laktosi isiyovunjwa hubaki ndani na kuvuta maji, kisha bakteria wa utumbo mpana huichachua, na hapo ndipo gesi inapotoka. Jamii za wafugaji zimerithi mabadiliko kwenye vinasaba yanayoiacha laktasi iendelee. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, waliochunguza watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, walionyesha kwamba mabadiliko ya wafugaji wa huku si yale ya Ulaya. Yalitokea yenyewe, huku kwetu, kwa shinikizo la maisha yaleyale.

Jaribu maziwa mgando: bakteria wamekwisha kula sehemu ya laktosi. Watu wengi wenye hali yako humudu kama glasi moja kwa siku ikigawanywa na kunywewa pamoja na chakula. Ila kama shida imeanza majuzi baada ya kuharisha vibaya, huenda vijidole vimejeruhiwa tu. Seli mpya zikipanda, mara nyingi ndani ya wiki moja mbili, laktasi hurudi.

Nimeuziwa dawa ya kusafisha utumbo. Nikiinywa natoka utelezi mwingi, na muuzaji anasema huo ndio uchafu wa miaka. Niendelee? (Msomaji, Morogoro)

Acha leo. Utelezi huo ni ute wako mwenyewe, uliotoka kwenye seli zako baada ya kuchokozwa na dawa. Hauwezi kuwa wa miaka, maana utando unaoutoa hauna umri wa wiki. Ute huo ndio unaowaweka bakteria mbali na ukuta, na ukiufukuza kila wiki unapoteza pamoja nao maji na potasiamu. Anayemeza dawa za moyo au za presha za kukojoza yuko kwenye hatari zaidi, kwa sababu potasiamu ikishuka mapigo ya moyo huvurugika.

Ute kidogo kwenye choo ni jambo la kawaida. Ute wenye damu, au unaoambatana na homa, kupungua uzito au maumivu ya tumbo yasiyoisha kwa wiki 2, upeleke kwenye kipimo cha choo, na dawa hiyo uichukue pamoja na chupa yake ili daktari aione.